Mgeni wa Kudhaniwa kwenye Njia ya Mshtarii

Mei 2018 vyombo vya habari vya dunia vilipata habari tamu: mfumo wa jua letu una mhamiaji. Fathi Namouni, wa kituo cha uangalizi wa nyota cha Côte d'Azur mjini Nice, Ufaransa, na Helena Morais, wa chuo kikuu cha UNESP nchini Brazili, walikuwa wamechapisha makala fupi ya kitaalamu. Walidai kwamba jiwe moja dogo linalotumia njia moja na sayari ya Mshtarii lilizaliwa kwenye nyota nyingine, likanaswa hapa miaka bilioni 4.5 iliyopita, jua lenyewe likiwa bado changa. ʻOumuamua, kile kitu cha ajabu kilichoonekana Oktoba 2017, kilipita mbio na kwenda zake. Hili, tuliambiwa, lilikuja likahamia. Habari ya namna hiyo haihitaji kusukumwa, na haikusukumwa.

Mwaka 2020 kundi jingine la wataalamu likajibu kwamba ushahidi wa dai hilo haupo. Jibu lilibaki kwenye majarida ya wenyewe. Hadi leo ukitafuta habari za jiwe hili utakutana na watu wengi wanaosema, bila kusitasita, kuwa ni mgeni kutoka nyota nyingine. Kwa maoni yangu waliojibu ndio wenye hoja. Na kosa walilolionyesha linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu halikufanywa na wazembe. Namouni na Morais walikuwa wameshaandika mwaka 2013, kabla jiwe hilo halijagunduliwa, hesabu za jinsi kitu kinachozunguka jua kinyumenyume kinavyoweza kushikana mwendo na sayari. Watu wanaolijua somo hilo kuwazidi ni wachache mno duniani.

Jiwe lenyewe ni asteroidi namba 514107, na kabla ya kupewa jina liliitwa 2015 BZ509. Tutaliita BZ509, maana jina lake rasmi, Kaʻepaokaʻāwela, ni la Kihawaii na ulimi wetu utajikwaa kila mara. Jina hilo limetokana na mpango wa kituo cha ʻImiloa mjini Hilo, ambako wenye lugha hukaa na wanaastronomia kuvipa majina vitu vinavyogunduliwa kwa darubini za visiwa vyao. Lilionekana Januari 2015 kwa darubini ya Pan-STARRS iliyoko juu ya mlima Haleakalā, kisiwani Maui. Upana wake unakadiriwa kuwa kilomita 3 hivi. Kwa umbali lilioko, hiyo ni chembe tu ya mwanga hafifu. Hakuna aliyewahi kuliona kama umbo.

Kilichoshangaza ni mwelekeo. Ukiwa juu ya ncha ya kaskazini ya jua ukitazama chini, sayari zote nane zinazunguka kinyume cha mwendo wa saa. Sababu inajulikana: jua na sayari vilitokana na wingu moja la gesi na vumbi lililokuwa likijizungusha, likasinyaa likawa bapa, na kila kilichojikusanya ndani yake kikarithi mzunguko uleule. Asteroidi nazo hufuata mkumbo. Mwaka 2017 zilikuwa zimeorodheshwa zaidi ya 700,000, na zinazokwenda kinyume hazikufika 100. BZ509 ni mojawapo. Mzingo wake umeinama digrii 163 ukilinganisha na bapa la sayari, maana yake umepinduka karibu kabisa.

Kwenda kinyume peke yake si ajabu ya kutosha. Kometi ya Halley, inayorudi kila baada ya miaka kama 76, nayo inakwenda kinyume, na mwinamo wake ni digrii 162. Ajabu ni kwamba BZ509 inafanya hivyo kwenye njia ya Mshtarii, sayari yenye uzito wa dunia 318, na inalizunguka jua kwa muda uleule kama Mshtarii, karibu miaka 12. Kitu kinachokwenda kinyume na sayari kwa kasi ileile hukutana nayo mara mbili kila mzunguko. Kila miaka 6, kwa makadirio, jiwe la kilomita 3 na sayari kubwa kuliko zote hupishana uso kwa uso. Na kila mara jiwe linatoka salama.

Kabla ya kuona linatokaje, ni vizuri kukumbuka kuwa kutumia njia moja na sayari kubwa si jambo geni. Mwaka 1772 Joseph-Louis Lagrange aliiandikia Akademia ya Sayansi ya Paris insha juu ya tatizo la vitu vitatu vinavyovutana. Tatizo hilo halina jibu la jumla, lakini Lagrange alipata majibu machache ya pekee. Moja lilikuwa hili: chora pembetatu yenye pande tatu sawa, weka jua kwenye kona moja na sayari kwenye kona ya pili, kitu kidogo kikiwekwa kona ya tatu kitafuata njia ileile, digrii 60 mbele ya sayari au digrii 60 nyuma yake, na pembetatu haitavunjika. Kikisogezwa kidogo, hakitoroki; kitayumbayumba kuizunguka kona ile. Wakati huo angani hapakuwa na mfano hata mmoja uliojulikana. Ilikuwa hesabu nzuri, basi.

Mfano ulipatikana miaka 134 baadaye. Februari 1906 Max Wolf wa Heidelberg, Ujerumani, aligundua asteroidi iliyokuwa ikikaa mbele ya Mshtarii karibu kabisa na kona ya Lagrange. Ikaitwa Achilles. Mwaka uleule ikapatikana Patroclus upande wa nyuma, na mapema 1907 Hektor upande wa mbele. Mwanaastronomia wa Vienna, Johann Palisa, ndiye aliyependekeza majina ya mashujaa wa vita vya Troya, na desturi ikakaa: kundi la mbele likawa kambi ya Wagiriki, la nyuma kambi ya Watroya. Kwa kuwa utaratibu huo ulikuja baada ya majina ya mwanzo, Hektor wa Troya amebaki kambini kwa Wagiriki na Patroclus Mgiriki kambini kwa Watroya. Wanaastronomia huwaita wapelelezi, na hakuna aliyejisumbua kuwahamisha. Leo zinajulikana zaidi ya 10,000, na kwa jina la jumla zote ni Watroya.

Watroya hawagombani na Mshtarii kwa sababu hawakutani nayo. Wanakwenda upande mmoja kwa mwendo mmoja, kila mmoja na umbali wake. Zipo namna nyingine pia. Miezi miwili ya Zohali, Janus na Epimetheus, ina njia zinazopishana kwa kilomita 50 tu. Kila baada ya miaka 4 hivi hukaribiana, huvutana, kisha hubadilishana nafasi, wa ndani akawa wa nje. Dunia yetu nayo ina Mtroya wake, 2010 TK7, aliyetambuliwa mwaka 2011 na Martin Connors, Paul Wiegert na Christian Veillet. Namna hizi zote zina sharti moja: wenye njia waelekee upande mmoja.

Watatu hao hao ndio waliolivunja sharti hilo. Veillet alikuwa akiiongoza Darubini Kubwa ya Macho Mawili iliyoko mlima Graham, Arizona, na kwa darubini hiyo walipima upya nafasi za BZ509 hadi mzingo wake ukajulikana barabara. Machi 2017 wakatangaza katika jarida la Nature kwamba jiwe hilo limefungamana na Mshtarii na kwamba ufungamano huo una umri wa miaka milioni moja angalau.

Siri iko kwenye umbo la njia. Mshtarii huzunguka jua kwa duara lililokaribia ukamilifu, umbali wa kilomita milioni 778 hivi. Njia ya BZ509 ni duaradufu: upande mmoja inalikaribia jua hadi kilomita milioni 480, upande wa pili inaenda mbali hadi kupita kilomita milioni 1,000. Kwa hiyo katika kupishana kule mara mbili kwa kila mzunguko, mara moja jiwe linapita ndani, kati ya Mshtarii na jua, na mara ya pili linapita nje, nyuma ya Mshtarii. Likipita ndani, sayari hulivutia nje. Likipita nje, sayari hulivutia ndani. Sukumizo la kwanza linafutwa na la pili. Isitoshe, wanapishana kwa kasi ya kama kilomita 26 kwa sekunde, kila mmoja akitoka upande wake, na umbali baina yao haupungui kilomita milioni 176, ambao ni mkubwa kuliko umbali wa dunia na jua. Mshtarii haipati muda wa kulishika.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba unajirekebisha. Jiwe likichelewa kidogo, kupishana kwa ndani na kwa nje havilingani tena, na tofauti hiyo inalirudisha kwenye mwendo. Watu walipenda kulifananisha na dereva anayeendesha kinyume barabarani, na mfano huo ndio uliotembea. Mimi siupendi. Dereva wa kinyume anaokoka kwa bahati. BZ509 inaokolewa na hicho hicho ambacho kingeiangamiza. Mshtarii ikiondolewa leo, hakuna kitakachourekebisha mwendo wa jiwe likiyumba.

Basi limetoka wapi? Wiegert na wenzake hawakujitia kujua. Walitaja uwezekano mmoja, kwamba ni ndugu wa kometi za aina ya Halley, kisha wakaishia hapo. Kometi hizo hutoka kwenye wingu la Oort, ghala la vipande vya barafu lililoko mbali sana kupita sayari zote. Vipande hivyo vilizaliwa ndani, karibu na sayari kubwa, vikarushwa mbali mfumo ukiwa mchanga. Huko viliko, mvutano wa nyota zinazopita na wa galaksi yenyewe umevipindua kila upande, ndiyo maana kometi zinazorudi kutoka huko huja kutoka pande zote, za kinyume zikiwamo. Kwa lugha nyepesi, kwenda kinyume si lazima uwe mgeni. Wenyeji waliokaa uhamishoni muda mrefu hurudi wakiwa wamegeuzwa. BZ509 haina mkia unaoonekana, jambo ambalo linalitofautisha na kometi, lakini kometi iliyokwisha barafu yake ya juu nayo haina mkia.

Namouni na Morais hawakuridhika na jibu la "huenda". Walitaka kuirudisha saa nyuma. Kanuni za mvutano zinaruhusu: hesabu ileile inayokupa nafasi ya kesho hukupa nafasi ya jana, geuza tu alama ya wakati. Tatizo ni kwamba eneo la sayari kubwa ni eneo la vurugu, kwa maana ya kihesabu ya neno hilo. Kosa dogo mno la kipimo leo hukua kila unaporudi nyuma, hadi hujui tena jiwe lilikuwa wapi. Hakuna darubini inayoweza kuondoa kosa hilo. Kwa hiyo wanahesabu hutengeneza nakala nyingi za jiwe, kila moja ikiwa na mzingo tofauti kidogo na mwenzake lakini zote zikikubaliana na vipimo, kisha huziachia zote zirudi nyuma kwenye kompyuta. Wao walitengeneza nakala milioni moja.

Nakala nyingi hazikudumu. Nusu yake ziliondoka kwenye hali ya sasa ndani ya miaka milioni kadhaa, ambayo ni kufumba na kufumbua kwa umri wa mfumo wa jua. Zikaanguka kwenye jua, au zikatupwa mbali, au, tukisoma saa kwa mwelekeo wake halisi, zilikuwa zimeingia kutoka mbali hivi karibuni. Lakini kikundi kidogo mno kilirudi nyuma hadi miaka bilioni 4.5 kikiwa bado kwenye njia ya Mshtarii, bado kinyumenyume. Hapo ndipo hoja ilipopata kichwa chake. Kama jiwe lilikuwa tayari linakwenda kinyume wakati ule ambapo kila kilichozaliwa hapa kilikwenda upande mmoja, basi halikuzaliwa hapa. Sentensi hiyo ni sahihi. Shida iko kwenye "kama".

Watafiti waliiona shida hiyo na wakawa na jibu. Walisema tusijidhanie kuwa tunaishi kwenye wakati wa pekee. Tukichagua nakala za muda mfupi, tunakubali kwamba binadamu wametengeneza darubini wakati uleule, katika miaka bilioni 4.5, ambapo jiwe limetokea kupita. Bahati gani hiyo? Afadhali, wakasema, tuchague nakala zinazodumu, ambazo hazihitaji bahati.

Hoja hii inavutia, na inapotosha. Fikiria stendi kuu ya mabasi, saa sita mchana. Unamwona mtu mmoja amekaa kwenye benchi. Mtu yule anaweza kuwa amekaa pale tangu alfajiri. Watu wa namna hiyo wapo. Lakini wengi wa wanaokaa pale hukaa nusu saa, wakaondoka, wakaja wengine. Kumkuta abiria wa nusu saa hakuhitaji bahati yoyote, kwa kuwa abiria hawakatiki kuingia. Ungehitaji bahati tu kama ungesema yule ndiye abiria pekee aliyewahi kufika stendi ile tangu ijengwe. Kometi na vipande vya barafu kutoka nje ya sayari haviishi kuingia kwenye eneo la Mshtarii. Wakati wowote ukitazama, kutakuwa na vichache vilivyonaswa kwa muda. BZ509 haidai wakati wa pekee. Inadai tu kwamba mlango uko wazi.

Jibu la mwaka 2020 liliandikwa na Alessandro Morbidelli pamoja na Konstantin Batygin, Ramon Brasser na Sean Raymond. Kufikia hapo Namouni na Morais walikuwa wamepanua dai lao hadi kwenye vitu vingine 19 vyenye mizingo iliyoinama sana, vyote wakavihesabu kuwa wageni. Kiini cha jibu, kwa ninavyolisoma, ni kwamba katika mfumo wa vurugu ukirudisha saa nyuma kupita kiasi fulani huipati historia. Unapata takwimu zilezile ambazo ungezipata ukiipeleka saa mbele. Na hapa kuna kipimo ambacho msomaji anaweza kukifanya bila kompyuta. Achia nakala zile milioni moja ziende mbele badala ya nyuma. Nyingi zitaondoka ndani ya miaka milioni kadhaa, na kikundi kidogo kitadumu hadi mabilioni. Je, kuna mtu angesimama na kutangaza kwamba BZ509 itabaki kwenye njia ya Mshtarii kwa miaka bilioni 4.5 ijayo, kwa kuwa nakala chache zimeweza? Kila mmoja angesema la, nakala nyingi zinasema itaondoka. Hesabu ni ileile. Kwa nini tuiamini ikitazama jana na tusiiamini ikitazama kesho?

Nadhani sababu ni kwamba yaliyopita yametokea kweli, na jambo lililotokea kweli linatutia hamu ya kulipata. Kesho tunaikubali kuwa na njia nyingi. Jana tunataka iwe na njia moja, na kompyuta ikitupa njia moja ya kusimulika, tunaishika.

Ugomvi huu una upande wa kuchekesha. Namouni na Morbidelli walikuwa wote Nice, kwenye kituo kimoja. Na Morbidelli si mtu anayeogopa habari za wahamiaji. Mwaka 2005 yeye, Hal Levison, Kleomenis Tsiganis na Rodney Gomes walichapisha kile kinachoitwa mfano wa Nice, unaosema kwamba sayari kubwa hazikuzaliwa zilipo leo. Zilihama, na katika kuhama huko zikayumba, zikavuruga kila kilichokuwa karibu. Watroya wa Mshtarii waliokuwepo mwanzo walitawanywa, na hawa tunaowaona leo ni vipande vilivyotoka mbali zaidi, kuelekea Neptuni na kupita, vikanaswa kwenye kona za Lagrange fujo ilipotulia. Hata Hektor na Achilles, basi, ni wahamiaji. Tofauti ni kwamba walihama ndani ya nyumba moja, na kwamba mfano wa Nice haukujengwa juu ya jiwe moja. Ulijengwa juu ya makundi, na ukapimwa kwa makundi: mizingo ya Watroya imeinama kupita ambavyo ingekuwa kama wangezaliwa palepale.

Nataja hili kwa sababu msomaji anaweza kudhani napinga kila hoja inayosema "kitu hiki kimedumu, kwa hiyo". Sipingi. Mfano mzuri wa kudumu kuwa ushahidi uko kwa Patroclus yuleyule, mpelelezi wa kambi ya Watroya. Mwaka 2001 ilionekana kwamba Patroclus ni mawili: mawe yenye upana unaozidi kidogo kilomita 100 kila moja, yanayozungukana, na la pili likaitwa Menoetius. Jozi ya namna hiyo imefungwa kwa kamba nyembamba ya mvutano, na kugongwa kidogo tu kunaitenganisha. Mwaka 2018 David Nesvorný na wenzake walipiga hesabu: kama sayari kubwa zingechelewa kuhama kwa miaka milioni 700, kama mfano wa Nice ulivyodhani mwanzoni, jozi hii ingekaa muda mrefu kwenye ukanda uliojaa migongano na kwa uwezekano mkubwa ingeachana. Kwa kuwa haikuachana, kuhama kulitokea mapema, ndani ya miaka milioni 100 ya mwanzo.

Hapo kudumu kunasema kitu, kwa kuwa kunatofautisha. Simulizi moja inatabiri jozi iliyovunjika, nyingine inatabiri jozi nzima, nasi tunaiona nzima. Kwa BZ509, simulizi zote mbili, ya mgeni wa kale na ya abiria wa juzi, zinatabiri kitu kilekile: jiwe moja kwenye njia ya Mshtarii, likienda kinyume, likiwa imara kwa miaka milioni moja. Kuliona jiwe hilo hakuziondolei wala hakuziongezei uzito. Kinachobaki ni kuuliza ipi ilikuwa rahisi zaidi kutokea tangu mwanzo, na wenyeji waliogeuzwa na wingu la Oort ni wengi, tunawaona wakipita kila mwaka.

Kumbuka pia kwamba hakuna aliyekana kuwapo kwa wageni. ʻOumuamua alikuja, kometi ya Borisov ikafuata mwaka 2019, na Julai 2025 darubini ya ATLAS iliyoko Chile ikagundua wa tatu, 3I/ATLAS. Wote watatu walitambulika kwa njia moja isiyobishaniwa: wanakwenda kwa kasi ambayo jua haliwezi kuishika. Kasi hiyo ndiyo pasipoti. Mgeni aliyenaswa ameipoteza, na ndiyo maana kumtambua kunahitaji ushahidi wa aina nyingine, kama vile uwiano wa aina za atomu katika vumbi lake. Kuupata huo kungetaka chombo kitumwe kwa jiwe linalokwenda kinyume na kila kitu, na chombo kinachorushwa kutoka duniani huanza safari yake kikiwa na mwendo wa upande wa sayari. Sioni bajeti itakayofanya hivyo karibuni.

Chombo kilichoko njiani ni Lucy, kilichorushwa Oktoba 2021, na kinaelekea kwa Watroya wa kawaida. Kitaifikia Eurybates Agosti 2027, na kitamaliza kwa Patroclus na Menoetius Machi 2033. Jina lake ni la ile mifupa ya kale iliyochimbuliwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Aprili 2025 kilipita karibu na asteroidi ndogo iliyopewa jina la Donald Johanson, mvumbuzi wa mifupa hiyo, kikakuta ina vichwa viwili vilivyounganishwa na shingo. Kichwa kidogo kimepewa jina la Afar, kikubwa jina la Olduvai. Kwa hiyo korongo letu la kule Ngorongoro limeshafika kwenye ukanda wa asteroidi, ingawa nimeona habari hiyo ikipita kimya kwenye magazeti ya Tanzania, yaliyokuwa na nafasi ya kutosha kwa mhamiaji wa 2018.

Lucy haitalijibu swali la BZ509. Litajibiwa, ikiwezekana, kwa kuhesabu. Juni 2025 darubini ya Vera Rubin iliyoko Cerro Pachón, Chile, ilionyesha picha zake za kwanza, na katika saa kama 10 tu za uangalizi ilikuwa imepata asteroidi mpya 2,104, Watroya 11 wa Mshtarii wakiwamo. Imepangiwa kuipiga picha anga la kusini kwa miaka 10. Yakipatikana mawe mengine yanayokwenda kinyume kwenye njia ya Mshtarii, tuseme ishirini, simulizi mbili zile zitaanza kutofautiana. Kama ni abiria, mengi yatakuwa yamekaa ovyo, kwenye kingo za eneo la utulivu, mengine yakiwa mbioni kuingia na mengine kutoka, na kuyazunguka kutakuwa na mengi yanayokaribia kunaswa. Kama ni mabaki ya wageni wa kale, waliokuwa kingoni wote walishaondoka zamani. Yaliyosalia yatakuwa yamejazana katikati, kwenye sehemu imara kuliko zote, na kingo zitakuwa tupu. Kwa jiwe moja, mgawanyo huo hauchoreki.